Mto Ulioshonwa Mtupu

Wiki jana niliwaacha pabaya, na wengine mmeniuliza nina roho ya namna gani. Nisameheni. Turudi upesi kulekule, kwenye chumba cha mito cha Mama Pazia. Ni adhuhuri. Nje jua linachoma, ndani ni giza la mapazia mazito. Fundi magodoro amepiga magoti sakafuni, mkono wake umezama ndani ya mto mpaka kwenye kiwiko. Na kitasa cha mlango kinazunguka.

Mlango ulifunguka.

Hakuwa Mama Pazia. Alikuwa mlinzi wa nyumba, mwanamume mrefu aliyekonda, macho mekundu kama ya mchoma mkaa. Aliutazama mto. Akamtazama fundi. Akaurudisha mlango nyuma yake bila kelele.

"Usiutoe mkono ghafla," akanong'ona. "Utaumwaga."

"Nini?"

"Huo usingizi. Ukimwagika hapa, wote wawili tunaanguka kama magunia na hakuna wa kutuamsha. Vuta taratibu. Si kazi yako kuchambua sufi? Basi vuta kama sufi."

Fundi akavuta. Usingizi ukatoka nyuzi kwa nyuzi, laini, wa kijivu, wenye joto la shavu la mtoto. Aliusokota kwenye vidole vyake na kuushindilia ndani ya chupa ya chai, ile aliyokuja nayo asubuhi alipoitwa kurekebisha godoro la mwenye nyumba. Akakaza kifuniko. Hapo ndipo alipokumbuka kupumua.

"Umejuaje kwamba ndio wenyewe?" mlinzi akauliza. "Mito yote humu ni myeupe, na yote iko kimya."

"Haiko kimya. Nimeiwekea sikio mmoja mmoja. Mdogo wangu hukoroma kwa mluzi. Kama birika."

Mlinzi alitaka kucheka, lakini uso wake ulikuwa umesahau njia.

Kwa aliyeingia leo kwenye hadithi hii, nieleze kwa ufupi. Mama Pazia huponya watu, na malipo yake ni usingizi. Huutia mitoni, kisha huulala yeye, wa huyu leo na wa yule kesho, na ndiyo maana uzee haumgusi. Kitinda, mdogo wake fundi, aliutoa usingizi wake ili kifua cha mama yao kipone. Kifua kilipona. Mama hajui ilikuwaje.

Na anayetoa usingizi hafi mara moja. Macho huwa mekundu. Kisha husahau majina, kisha nyuso, na mwisho kabisa husahau kuvuta pumzi. Kitinda alikuwa amefika kwenye nyuso. Asubuhi ile alimwona dada yake mlangoni akamwambia kwa adabu, "Karibu, mteja. Fundi ametoka kidogo."

"Utaniitia mwenye nyumba?" fundi akauliza sasa.

"Ningemwita ningekuwa nimeshamwita." Mlinzi alikaa sakafuni, mgongo ukutani, kama mtu aliyesimama tangu utotoni. "Na mimi nilitoa wangu. Hunigawia kijiko kimojakimoja, nisife na nisilale. Wapi utapata mlinzi mwingine kama mimi?"

"Uko kwenye mto upi? Niambie. Nitakutolea."

"Haupo. Aliulala zamani. Siku alipoamka aliniambia, mlinzi, usingizi wako ulikuwa na ndoto nzuri za mke wako." Alijifuta macho. "Mimi mwenyewe sura yake siikumbuki. Yeye anaikumbuka."

Kuna maneno ambayo huyajibu, unayakalia tu pembeni.

"Nisikilizishe," mlinzi akasema.

Akampa chupa. Mlinzi aliishika kwa mikono miwili, akaiegemeza sikioni na kufumba macho. Ndani ya chupa, mbali sana, Kitinda alikoroma kwa mluzi. Mlinzi akatikisa kichwa taratibu, kama anayesikiliza redio ya nyumba ya jirani.

"Nenda nao," akasema hatimaye. "Pitia mlango wa mbele, uliingia kwa heshima utoke kwa heshima. Acha mto hivyo hivyo ulivyochanika, nitasema ni pan..."

Hakumaliza. Alikuwa amefumbua macho.

"Dada fundi. Umefanya nini?"

"Nimefanya nini?"

"Umeushona!"

Fundi akatazama mikono yake. Kweli. Sindano ndefu ilikuwa bado kidoleni. Mlinzi alipokuwa akisikiliza, mikono yake ilikuwa imeuvuta mto, ikaupitisha uzi, ikaufunga kwa lile fundo dogo la pembeni, na kuupigapiga ukakaa vizuri. Hakukumbuka hata pigo moja la sindano. Tangu akiwa mdogo wa kukaa chini ya meza ya kazi, hajawahi kuacha mshono wazi. Mama yake asingemlisha.

"Ulikuwa wazi," akasema kwa sauti ndogo.

"Na ungekaa wazi! Mto wa nyumba hii ukiwa wazi ni kitambaa tu. Ukishonwa mtupu, hautulii. Unajijaza wenyewe."

"Unajijaza kutoka wapi?"

"Kwa mwenye fundo."

Chumba cha pili, Mama Pazia aligeuka kitandani na chaga zikalia.

"Fumua," mlinzi akasema. "Haraka."

Fundi akalikamata fundo kwa kucha. Akalichokoa kwa sindano. Akaling'ata. Wapi! Wateja wa mji mzima walileta magodoro kwao kwa ajili ya fundo lile. Mama yao alilibuni mwenyewe, akawafundisha binti zake kulifunga wangali wadogo, na sifa yake ilikuwa moja tu: halifunguki.

"Nikate kitambaa?"

"Ukikata mto ukiwa umeshonwa, utalia kama mbuzi, na atakayetoka chumba cha pili hutapenda kumwona akiwa amekatiziwa usingizi."

Kwenye mto kitambaa kilianza kuinuka, taratibu, kama unga wenye hamira.

"Mlinzi!" Sauti ilitoka chumba cha pili, nzito, tamu, ya mtu aliyelala vizuri. "Huyo fundi bado yupo? Godoro halijaisha tu?"

"Limeisha, mama! Ndiyo anaondoka!"

"Mlete nimwone."

Fundi aliupanga mto pamoja na mingine. Sitawadanganya, hakuwa na hofu kubwa. Alikuwa amechoka. Alikuwa amekesha na Kitinda kwa muda mrefu mno, na katika uchovu ule jambo moja lilimjia wazi kabisa: mwenye fundo ni mimi. Nitakesha mimi. Basi. Ni kubadilishana tu, na nilishazoea kukesha.

Wazo hilo lilimtuliza. Mkumbuke hilo.

Mama Pazia alikuwa amelala ubavu juu ya godoro lililorekebishwa asubuhi ile, shavu limeandikwa mikunjo ya foronya. Ukimwangalia ungesema ni binti wa chuo. Ukimsikia ungesema ni bibi yako.

"Godoro limekaa vizuri," akasema. "Una mkono mwepesi. Chupa hiyo ina chai? Nimiminie."

Mlinzi alikohoa.

"Imeisha, mama," fundi akasema. "Imebaki harufu tu."

"Hata harufu naipenda." Mkono ukanyooshwa.

Fundi aliushikilia mpini wa chupa mpaka vidole vikafa ganzi. "Mama, mgonjwa ameinywea chai humu. Anatema makohozi. Naona aibu hata kukufungulia."

Mkono ukarudi kwenye shuka.

"Kila mtu anayeingia humu hupiga mwayo," Mama Pazia akasema, akimtazama kwa makini. "Wewe hujapiga."

"Niko kazini, mama."

"Hm. Na mkono huo, nani alikufundisha?"

"Mama yangu."

"Ah." Alitabasamu, na macho yakaanza kufumba. "Anaendeleaje na kifua?"

"Hakohoi tena."

"Msalimie. Ipo siku nitamwita."

Alilala kabla ya neno la mwisho kuisha.

Barabarani jua lilimpiga fundi usoni kama kofi. Muuza ndizi alimwita, hakusikia. Fundi baiskeli alimtania, "Dada magodoro, leo umebeba chai au dhahabu? Mbona umeikumbatia hivyo?" Akamjibu, "Chai." Akaendelea kuvuta miguu. Kila hatua alikuwa akijikagua: macho yameanza kuwaka? Naikumbuka njia? Huyu fundi baiskeli anaitwa nani? Aliikumbuka njia. Jina la fundi baiskeli hakuwahi kulijua.

Karakana yao ni chumba cha mbele cha nyumba. Kuna meza ndefu ya mbao, magunia ya sufi mpaka kwenye bati, na manyoya meupe hewani ambayo hayaishi hata ukifagia mara ngapi. Nyuma kuna vyumba viwili. Cha mama kina pazia lenye unyevu mlangoni, la kuzuia vumbi lisimrudie kifuani.

Kitinda alikuwa amekaa kwenye gunia, macho yamemtoka, midomo imekauka.

"Karibu, mteja," akasema. "Fundi ametoka kidogo."

"Nimekuja. Fumba macho, fungua mdomo."

"Wateja wa siku hizi," Kitinda akanung'unika, "mnaamuru watu makwao." Lakini akafungua. Alikuwa amefika mahali pa kutii sauti yoyote.

Fundi akafungua chupa. Usingizi ukapanda wenyewe, ukapajua nyumbani kwake, ukaingia puani na mdomoni kama moshi unaorudi jikoni. Kitinda alishtuka. Akakunja uso kama aliyepewa dawa chungu. Kisha mabega yakashuka, mikono ikafunguka mapajani, na uso wote ukalainika mbele ya macho ya dada yake.

"Dada," akasema. "Mbona umekonda hivi? Huli?"

Akaangukia gunia. Dakika ileile mluzi ukaanza.

Fundi alikaa chini karibu naye, akalia kidogo, si sana. Hata kulia kunataka nguvu. Kisha akafanya jambo ambalo mimi ninayeandika lilinichukua muda kuliandika. Aliukariri uso wa mdogo wake. Kovu la nyusi, alipoanguka na chupa ya mafuta ya taa. Sikio moja lililosimama kuliko jingine. Alipitia kila alama kama anayejiandaa kwa mtihani, ili siku nyuso zitakapoanza kumtoka, za Kitinda na mama zitoke mwisho.

Akamfunika shuka. Akarudi mezani kumalizia mto wa mteja. Kazi haikai kumsubiri mtu aamue kufa.

Alitunga uzi. Akashona upande wa kwanza. Jua lilikuwa limeanza kulegea kwenye dirisha.

Hapo kitu kikapanda kooni mwake, polepole, kikasukuma taya, na kabla hajakizuia kinywa kikafunguka chote.

Fundi alipiga mwayo.

Alibaki na sindano hewani.

Akapiga mwingine, mrefu, wa machozi. Kope zilikuwa nzito kama nguo zilizolowa. Usingizi wake ulikuwepo. Wote. Ulikuwa umemjia na madeni yake ya usiku wote aliokesha, mzima, haujapungua hata uzi.

Basi mto ule ulikuwa unajijaza kwa nani?

Aliinuka vibaya, kigoda kikaanguka. Akapita kwenye pazia lenye unyevu.

Mama alikuwa ameketi kitandani, miguu chini, nywele zimetimka. Alikuwa akiisuguasugua mikono yake. Macho yalikuwa mekundu.

"Umerudi?" mama akasema. "Afadhali. Njoo uniambie, mwanangu. Tangu adhuhuri nimegeuka hapa kama chapati. Mimi! Mimi ninayelala hata mvua ikipiga bati!"

"Labda ni joto, mama."

"Joto nalijua. Hili nilihisi kama mtu ameshika kitu nyuma ya macho yangu akakivuta. Nyuzi kwa nyuzi." Akanyoosha vidole. "Na vidole hivi vinanicheza. Vinacheza hivi hivi nikitoka kufunga fundo. Ila leo sijagusa hata uzi."

Fundi alishika mlango.

"Umelifunga wapi fundo langu?" mama akauliza.

"Ni letu, mama. Ulitufundisha."

"Niliwafundisha kulifunga. Halijawa lenu kwa hilo. Nijibu."

Akajibu. Alisema yote, amesimama, kwa sentensi fupifupi: dawa ya kifua, usingizi wa Kitinda, chupa ya chai, mto, mshono. Alipofika kwenye mshono sauti ilikatika, akasema tu, "Ulikuwa wazi, mama. Mikono ikashona."

Mama alisikiliza bila kumkatiza. Mwisho akauliza swali moja.

"Ulishona vizuri?"

"Nini?"

"Mshono. Ulinyooka?"

"Ulinyooka."

"Haya. Angalau hukuniaibisha." Na akamshika binti yake shingoni, akalivutia paji lake la uso begani kwake, akaliacha hapo. "Na nyie wawili mkanificha. Mdogo wako akajitoa, nami nikawa nakaa hapa nasifia majani ya dawa ya yule bibi. Mjinga mimi."

"Nitarudi kule. Nitalifungua."

"Kwa kitu gani? Kwa meno? Umeshajaribu, midomo yako imechanika. Halifunguki."

"Basi?"

Kwenye karakana Kitinda alikoroma kama birika.

"Linafunguka," mama akasema. "Sikuwafundisha. Mama yeyote hubakiza kitu kimoja, watoto wasije wakamwona hana kazi tena. Linafunguka kwa mkono wangu, na mto ukiwa mbele yangu. Nipe viatu."

"Mama, hapana. Yeye ndiye anayetaka uende. Aliniambia leo leo, ipo siku nitamwita. Alijua kabla sijatoka mlangoni!"

"Nipe viatu, mwanangu."

Hodi ikapigwa mlango wa mbele. Si kwa nguvu. Hodi ya mtu anayejua atafunguliwa.

Fundi alikwenda akiparamia magunia. Mlinzi alikuwa amesimama kizingitini, kofia mkononi, na hakuweza kumtazama usoni.

"Nisamehe," akasema. "Ameamka. Ameupata mto, umejaa nusu. Amenituma nimlete mtu."

"Niko hapa. Twende." Akapiga mwayo akisema hivyo, mkubwa, wa aibu.

Mlinzi akaufuata mwayo ule kwa macho, kama mwenye njaa anavyofuata sahani.

"Siyo wewe, dada," akasema. "Ameniambia nimlete mwenye fundo."

"Mwambie nimekataa. Mwambie hapa ha..." Akashika nguzo ya mlango. Chumba kilikuwa kikizunguka taratibu. Usingizi aliokuwa ameuaga tangu adhuhuri ulimwangukia sasa wote, bila huruma. Magoti yakakunjika. Akajikuta sakafuni kwenye manyoya ya sufi, karibu na miguu ya Kitinda, na mbele ya macho yake vikapita viatu vya mama yake, vimeshavaliwa.

Alinyoosha mkono, akaukamata upindo wa gauni. Akaushika kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

Mama aliinama. Hakuunyofoa mkono ule. Aliusubiri. Alikaa hapo akimpapasa nywele mpaka vidole vya binti yake vikalegea vyenyewe, kimoja baada ya kingine.

"Lala," akamwambia. "Ni zamu yangu."

Kitu cha mwisho fundi alichosikia ni bawaba za mlango, na sauti ya mama yake barabarani, imechoka lakini haina haraka, ikimuuliza mlinzi:

"Haya, mwanangu. Huko kwenu sindano ipo, au nirudi nichukue yangu?"